Mguu wa Tatu

"Binti yangu amepata vyuo viwili!" fundi viatu alimwambia muuguzi aliyekaa naye kwenye basi, ambaye hakuwa amemuuliza kitu. "Shahada ya pili, uhandisi wa vifaa tiba. Kimoja kiko ng'ambo, kina jina. Kingine hapa hapa, kidogo tu."

"Aende ng'ambo, baba. Hilo nalo la kufikiria?"

"Na huko vifaa vyake atavijaribu kwa nani?" Mzee akapandisha suruali mpaka gotini. Basi zima tukauona mguu wa bandia, na nadhani ndicho alichotaka. "Kautengeneza mwenyewe. Huu wa tatu. Wa kwanza ulinibwaga mbele ya wakwe!"

"Kwa hiyo abaki kwa ajili ya mguu wako?"

Mzee akaishusha suruali taratibu. "Hayo ni maneno yake, mama. Mimi nataka aende."

Basi likasimama. Kituoni msichana mmoja alikuwa akiutazama mlango bila kupepesa. Muuguzi akanyoosha mkono amsaidie mzee.

"Niache," mzee akanong'ona. "Leo lazima anione nikishuka mwenyewe."

Akashuka ngazi ya kwanza, kifua mbele. Sisi tuliobaki tukavishika viti kwa niaba yake.