Bi Glavu na Sanamu ya Mke wa Seremala

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Bi Glavu anastaafu baada ya kuitumikia akademia yetu ya sanaa miaka thelathini na mitatu, yote akiwa mtunza makusanyo, isipokuwa miwili nitakayoieleza.

Alikuta michoro imeegemezwa ukutani kama mbao za dari, mingine ikiliwa na mchwa. Aliisafisha mmoja mmoja, akaiandikia kadi, hadi ikatimia elfu nne na mia mbili. Glavu zake nyeupe ndizo zilizompa jina. Mkuu mpya alipomnyooshea mkono, alivua glavu, akazikunja, akazitia mfukoni, ndipo akampokea; mkono wa mkuu wa watu ulikuwa ungali hewani.

Pale mlangoni pana sanamu ya mwanamke aliyeketi. Kibao chake kilisema ilichongwa na mkuu wetu wa kwanza. Siku moja, akiifuta vumbi, Bi Glavu aliona chini yake alama ya mikato mitatu, ileile iliyo nyuma ya fremu zetu za zamani. Ilikuwa alama ya seremala wa akademia. Daftari la karakana likathibitisha: gogo la sanamu ile alipewa yeye.

Alipeleka habari kwenye bodi. Mwenyekiti akamwambia, "Usitutie aibu, Bi. Marehemu hawezi kujitetea."

"Seremala naye ni marehemu, mheshimiwa," akajibu. "Naye hawezi."

Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao hicho. Nilijua anasema kweli, nikainamisha kichwa.

Alihamishiwa ofisi ya mitihani miaka miwili. Kila muhula aliandika barua ileile, kwa adabu ileile, mpaka bodi mpya ikaisoma, ikamrudisha kwenye ghala la makusanyo na kubadili kibao.

Binti wa seremala, naye sasa bibi kizee, alialikwa. Alisimama mbele ya sanamu.

"Huyu ni mama," akasema. "Ndivyo alivyokuwa akikaa. Baba alituambia kaichonga yeye, nasi tukamcheka. Alikufa tukimcheka."

Bi Glavu alimshika mkono, akamletea kiti, wakakaa pamoja mpaka tukafunga milango.

Dada yetu, umetufundisha kazi, na umetufundisha kuona haya. Ahsante. Mumeo amesubiri zamu yake kwa subira. Nenda ukakae naye barazani. Mungu akujalie afya, usingizi mnono na wajukuu wasiokuchoka. Uishi salama.