Mgeni wa Gari la Tatu

MWALIMU: Haloo? Nani mwenzangu?

MZEE TESAR: Haloo! Ni Mwalimu huyo? Mwalimu Kuhlmann?

MWALIMU: Ndiye mimi. Sikusikii vizuri, kuna upepo... nani?

MZEE TESAR: Verlin Tesar. Babu yake Hattie. Hattie wa darasa lako la tano—

MWALIMU: Aa, Mzee Tesar! Habari za asubuhi? Poleni na theluji huko shambani, maana hata huku mjini barabara zote zime—

MZEE TESAR: Salamu tutazimalizia siku nyingine, Mwalimu. Mtoto hataki kula.

MWALIMU: Hataki nini?

MZEE TESAR: Kula! Nimemchoma insulini yake saa moja, kama mama yake alivyoniandikia. Nikampa chapati za maji mbili na asali. Nikatoka kwenda kutazama ng'ombe. Narudi, sahani nyeupee. Nikasema, mtoto mzuri huyu. Kumbe chapati zote kazisokomeza ndani ya buti zake, kazifunga kwa kitambaa!

MWALIMU: Sukari yake ngapi?

MZEE TESAR: Arobaini na nane. Imeshuka mno.

MWALIMU: Mungu wangu. Mpe juisi. Sasa hivi, Mzee, usi—

MZEE TESAR: Nimempa! Kanitemea usoni. Nimempaka asali kwenye fizi, kaning'ata kidole mpaka damu. Na mimi mkono mmoja uko kwenye bandeji, ndama alinipiga teke Jumanne. Nitamkamataje kwa mkono mmoja?

MWALIMU: Ile sindano ya dharura, ya kupandisha sukari?

MZEE TESAR: Iko kwenye gari la mama yake, Renata. Na Renata yuko zamu hospitali tangu jana, theluji imemfungia huko, hawezi kurudi. Yuko ndani ya chumba cha upasuaji, nimemwachia ujumbe mara nne. Ambulensi imeshatoka, lakini iko nyuma ya greda linalozoa theluji barabarani. Dakika hamsini, wamesema. Na huyu hana dakika hamsini, Mwalimu. Macho yake siyapendi.

MWALIMU: Sasa mimi... yaani, Mzee, kwa nini umenipigia mi—

MZEE TESAR: Kwa sababu anakutaka wewe! Kila nikimwambia fungua mdomo, anajibu, "Mpaka Kapteni aruhusu." Nikamuuliza Kapteni gani, we mtoto? Nikadhani ni sukari inamchezea akili. Halafu nikaiona karatasi yako kwenye friji. "Kapteni wa Msafara," na namba ya simu. Umemfanya nini mtoto wetu?

(Mkwaruzo.)

MZEE TESAR: Haloo? Haloo! Usinikatikie—

MWALIMU: Nipo. Ni mchezo, Mzee. Ni somo la historia. Tumepanga madawati kama magari ya maksai, tumetundika mashuka juu yake, na wiki ya tatu sasa tunasafiri kwenda Oregon kama walowezi wa zamani wa Marekani. Kila gari lina watu watano. Hattie ni mama wa gari la tatu. Mimi ndiye kapteni.

MZEE TESAR: Na chakula?

MWALIMU: Chakula tunakirushia dadu. Jana gari la tatu lilivuka Mto Platte, dadu likaanguka vibaya, gunia la unga likaenda na maji. Wakabaki na chakula cha watu wanne.

MZEE TESAR: Na wao ni watano.

MWALIMU: Ndiyo.

MZEE TESAR: Akanyoosha mkono nani, kuwa hatakula? Sema, Mwalimu!

MWALIMU: Yeye.

MZEE TESAR: Na wewe ukasemaje?

MWALIMU: Nikaliambia darasa limpigie makofi.

MZEE TESAR: Makofi. Haya. Mtoto mwenye kisukari anasema hatakula, mnampigia makofi.

MWALIMU: Sikujua angeibeba mpaka nyumbani! Shuleni alikula mchana, nilimwona kwa macho yangu. Mzee, utanitukana baadaye, nitakuja mwenyewe unitukane mlangoni. Sasa weka simu spika. Niongee naye.

MZEE TESAR: Spika ndiyo wapi? Hii takataka ya simu... hiki? Haya. Hattie. Hattie, mjukuu wangu, fungua macho. Kapteni wako huyu hapa.

HATTIE: Kap... Kapteni?

MWALIMU: Hattie! Mama wa gari la tatu! Habari njema: tumefika kituoni. Kuna unga, kuna nyama, kila mtu anakula. Naamuru unywe juisi aliyoshika Babu.

HATTIE: Dadu limesemaje?

MWALIMU: Dadu? Ehe, dadu. Narusha sasa hivi... Sita! Umeona? Sita!

HATTIE: Sijasikia likianguka.

MWALIMU: Limeanguka kwenye zulia, mpenzi.

HATTIE: Ulisema... ulisema mtu akidanganya dadu, anakufa mtu wa gari jingine. Ulisema hivyo.

MZEE TESAR: Loo! Hayo nayo uliwafundisha wewe?

MWALIMU: Nilitaka wasidanganye... Hattie, nisikilize. Mchezo umekwisha. Hakuna gari. Hakuna maksai. Ni Jumamosi, uko nyumbani, kuna chakula tele—

HATTIE: Gari lipo. Ni zito.

MWALIMU: Halipo, mama. Yale ni madawati.

HATTIE: Ni zito. Niliandika. Ukanipa nyota.

MZEE TESAR: Kaandika nini? Anasema nini huyu?

MWALIMU: Mzee, zima spika. Tafadhali.

MZEE TESAR: Nimezima. Haya sema, upesi, anajigeuzia ukutani.

MWALIMU: Kila mtoto ana daftari la safari. La Hattie nililisahihisha jana darasani, mbele yake, ninalo hapa mezani. Ngoja... Nakusomea. "Gari letu ni zito na maksai wamechoka. Ninayelifanya zito ni mimi, kwa sababu ya ugonjwa wangu. Mkiniacha njiani, Babu atapumzika."

(Upepo.)

MWALIMU: Nikampa nyota kwa insha. Na pale kwenye "Babu" nikapiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni: hakuna babu katika gari la tatu. Nilidhani amechanganya wahusika, Mzee. Nikasahihisha kama kosa.

MZEE TESAR: Jumapili...

MWALIMU: Nini?

MZEE TESAR: Jumapili nilikuwa naongea na mama yake kwa simu. Nilidhani amelala.

MWALIMU: Ulisema nini?

MZEE TESAR: Nilikuwa nimechoka, Mwalimu. Wiki nzima unaamka usiku mara tatu kumtoboa mtoto vidole, na alfajiri ng'ombe nao wanakungoja. Mtu hunena tu. Kinywa changu hiki—

MWALIMU: Ulisema nini, Mzee?

MZEE TESAR: Maneno hayo hayo aliyoandika: kwamba ni mzito, na mimi nataka kupumzika.

(Mkwaruzo.)

MWALIMU: Haloo? Umenipotea—

MZEE TESAR: Nipo. Nimempima tena. Arobaini na moja. Anatoka jasho kama aliyemwagiwa ndoo. Mwalimu, nakuomba. Mimi sijawahi kukupenda, nilisema mbele ya watu kwamba wewe unapoteza muda wa watoto kwa michezo ya kipuuzi. Nisamehe. Toa mchezo wowote ulio nao. Wowote!

MWALIMU: Ngoja. Ngoja, nafikiri. Unga wa gari hawezi kuugusa, kwa sababu ni wa wale wanne. Dadu haliamini tena. Amri yangu haiamini... Mzee! Kanuni ya tisa!

MZEE TESAR: Ya tisa ndiyo ipi? Sema haraka!

MWALIMU: Ya wageni. Mgeni akibisha garini na chakula chake mkononi, mama wa gari lazima aonje kwanza. Asipoonja, mgeni hali, anarudi njiani na njaa yake. Haihusu unga wao, na haina dadu. Anaijua kwa moyo, yeye ndiye aliyeipaka rangi kwenye bango.

MZEE TESAR: Na mgeni ni nani?

MWALIMU: Wewe.

MZEE TESAR: Mimi? Mwalimu, mimi siwezi maigizo. Krismasi kanisani walinipa nafasi ya punda, nisiseme neno, na bado niliharibu.

MWALIMU: Basi usiigize. Sema kweli tupu. Shika juisi, weka simu spika, iingize mfukoni, toka nje ya mlango wa chumba, ubishe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, Mzee. Nenda!

MZEE TESAR: Mungu ananiona. Haya. Nimetoka.

(Kishindo. Mbao zinalia.)

MZEE TESAR: Hodi.

(Kimya.)

MZEE TESAR: Hodi humo garini!

MWALIMU: Sauti, Mzee. Paza sauti.

MZEE TESAR: Hodi, wenye gari! Nina baridi huku!

HATTIE: Nani?

MZEE TESAR: Mgeni.

HATTIE: Mgeni wa wapi?

MZEE TESAR: Nimetoka... nimetoka nyuma huko. Nimebaki peke yangu. Mke wangu nilimzika, mwaka wa pili huu. Ninaomba kuingia.

HATTIE: Karibu. Lakini hatuna unga.

MZEE TESAR: Sikuja kuomba unga. Nina kinywaji changu hiki hapa. Lakini nimeambiwa garini humu mgeni hanywi kabla ya mama wa gari.

HATTIE: Kanuni ya tisa.

MZEE TESAR: Hiyo hiyo. Na nina kiu, mama. Tangu asubuhi sijatia kitu kinywani.

HATTIE: Wewe ni mzito? Maksai wetu... wamechoka sana.

MWALIMU (chini chini): Jibu, Mzee. Usimwache alale.

MZEE TESAR: Mimi? Mimi ndiye mzito, mjukuu wangu. Kuna mtu alisema mzito ni mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa amechoka, alisema uongo, na anajua ni uongo. Nikuambie nani anabebwa na nani? Bibi yako alipoondoka, mimi nililala kitandani siku kumi na moja. Aliyekuja kunivuta blanketi ni nani? Nani alisema, "Babu, ng'ombe wanalia"? Mama yako alikuwa kazini. Ni wewe. Ulikuwa na miaka minane, umevaa buti za bibi yako, zinakuvuka. Wewe ndiye unayevuta. Ukishuka wewe, mimi nabaki palepale njiani na theluji inanifunika. Umenisikia? Sitaki kupumzika. Nani alikuambia nataka kupumzika?

HATTIE: Mgeni... unalia?

MZEE TESAR: Nalia, ndiyo. Nalia kwa kiu. Onja basi.

MWALIMU (chini chini): Mwinue kichwa kwanza. Taratibu, asipaliwe.

MZEE TESAR: Hivi. Egemea kifua changu. Funda moja tu, mama wa gari. Ili mgeni naye anywe.

(Kimya kirefu. Mkwaruzo.)

MWALIMU: Mzee? Mzee Tesar? Jamani, sema kitu. Amekunywa? Mzee—

MZEE TESAR: Sss! Anameza.

MWALIMU: Anameza?

MZEE TESAR: Anameza, Mwalimu, binti yangu. Kameza. Tena... tena hilo hapo. Robo glasi imekwenda. Usiseme kitu, nakuomba, usije ukamshtua.

(Upepo.)

MZEE TESAR: Nusu glasi. Sasa kafunga mdomo.

MWALIMU: Ni zamu yako. Kunywa wewe, akuone. Kidogo.

MZEE TESAR: Aa, tamu! Ahsante, mama wa gari. Sasa nimemaliza zamu yangu. Haya, inarudi kwako... Ehee. Hivyo hivyo. Imekwisha, Mwalimu! Chini kabisa! Kakung'uta glasi!

MWALIMU: Usimwache alale. Ongea naye. Dakika kumi na tano, halafu mpime. Mimi sikati.

MZEE TESAR: Betri yangu inakoroma.

MWALIMU: Simu yoyote nyingine?

MZEE TESAR: Ya waya ilikufa na umeme usiku. Hattie, nitajie majina ya maksai wako. Wote. Usiruke hata mmoja.

HATTIE: Duke... Duke na Barney...

MZEE TESAR: Majina mazuri. Wa tatu na wa nne?

(Sauti ya mtoto inataja majina, inakatika, inaendelea. Dakika zinapita.)

MWALIMU: Mzee. Imetimia kumi na tano.

MZEE TESAR: Naogopa kukitazama hiki kipimo.

MWALIMU: Kitazame.

MZEE TESAR: Hamsini na nne.

MWALIMU: Inapanda. Inapanda, Mzee! Lakini bado iko chini, usikae. Glasi nyingine. Ana—

MZEE TESAR: Mwalimu, mbona unalia sasa na wewe? Mmoja wetu awe mzima.

MWALIMU: Nilimpigia makofi. Nitamwambia nini mama yake?

MZEE TESAR: Mimi nitaanza kumwambia langu. Likiisha, utasema lako. Sasa—

HATTIE: Babu.

MZEE TESAR: Mgeni yuko hapa, mama wa gari.

HATTIE: Sio mgeni. Babu. Mbona damu kidoleni?

MZEE TESAR: Hii? Umeniita... Mwalimu, umesikia? Kaniita mimi! Ananijua!

HATTIE: Nina njaa, Babu.

MWALIMU: Amesema nini? Mzee, upepo umemeza! Amesema nini?

MZEE TESAR: Kasema njaa! Ana njaa! Nakata, Mwalimu, simu inazima, nakimbilia jikoni, kwaheri, kwahe—