Wageni Wasio na Haraka

Kijiwe chetu ni benchi moja lenye mguu wa kuazima, kati ya kibanda cha tiketi na stoo ya barafu. Ukikaa hapo unaliona gati lote, na gati lenyewe ni fupi, linatosha chombo kimoja tu. Wiki ya pili sasa chombo hicho ni mashua nyeupe ya tanga, ya wageni wawili, mke na mume, watu wazima wenye mvi. Boti ya abiria imekuja mara mbili, ikakosa pa kufunga, ikapiga honi, ikageuza. Ndani yake wamo mke wangu, binti yangu, na mjukuu wangu wa kwanza ambaye sijamtia machoni. Kushuka kwa mtumbwi mke wangu hataki: mtoto wa juzi, anasema, si gunia la kurushiana. Leo boti inajaribu tena. Mimi fundi viatu wa miaka yote nimeshonea kiatu cha kushoto soli ya kulia kwa hasira, halafu wenzangu wananiambia nitulie ninywe kahawa!

Bi Birika, muuza kahawa wetu, hata hajamaliza kumimina, nikalipuka.

— Wale wanafanya nini pale? Mwanamume anapaka rangi ubao uleule. Mwanamke anaanika shati lilelile. Watu gani hawana haraka hivi?

— Fundi, punguza moto, akasema Kamanda. Huyu ndiye mpokea kamba wa gati, na hata ukimsalimia anakujibu kama ametumwa na serikali. — Haraka haraka haina baraka.

— Baraka yangu iko kwenye boti, Kamanda! Nimeishonea viatu, hivi hapa mfukoni. Kwa mwendo huu itashuka miguu imeshavipita.

Kinyozi akavua miwani, akaifuta. Kwa ajili ya miwani hiyo tunamwita Profesa.

— Mnakosea. Wale wanapima kina cha maji. Wakishajua, wananunua kisiwa, sisi wote tunakuwa wapangaji.

— Wanapima kwa shati?

— Shati ni ishara, Fundi. Likipepea huku, bei imepanda. Likipepea kule, bei imeshuka.

— Na likilowa?

— Mnunuzi analia.

— Nyie wanaume mna kazi, akasema Bi Birika. — Wale wamenuniana. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze kusema twende. Mimi na marehemu mume wangu tulinuniana mpaka paka akahamia kwa jirani.

— Mvumilivu hula mbivu, akasema Kamanda.

— Mbivu ipi? Sukari yenyewe iko kwenye boti!

— Na kahawa, akasema Bi Birika. — Hili ndilo birika la mwisho, mnywe kwa adabu.

Nikamgeukia Kamanda.

— Si uende ukawaambie wasogee?

Kamanda akajinyoosha mgongo.

— Mgeni haambiwi aondoke, hiyo ni aibu kwa mji mzima. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mimi nimepona lini?

— Halafu gati lina adabu yake. Aliyepokea kamba ndiye anayeifungua. Hakuna chombo kinachojifungulia hapa. Wale niliwaeleza mapema, wakaelewa, wakaniinamishia vichwa. Watu wenye heshima sana.

— Heshima gani, na gati wamelikalia!

— Ngoja ngoja huumiza matumbo, akasema Profesa, kisha akashtuka kwa maneno yake mwenyewe. — Kumbe! Wanaumwa tumbo.

— Wote wawili, wiki ya pili?

— Basi nabadili. Chini ya ile mashua kuna tundu. Wao wameliziba. Siku wakiondoka maji yanaingia, kisiwa kinazama.

— Kisiwa kinazama kwa kutoboka chini?

— Wewe si fundi? Kiatu kikitoboka soli hakiingizi maji?

Nilikuwa nimeshainuka ili nikamwonyeshe tofauti ya kiatu na kisiwa, nikamwona yule mwanamke wa mashua anakuja kwetu, ameshika lile shati mkononi. Hakuwahi kufika kijiweni. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza, polepole lakini kimenyooka.

— Hamjambo. Samahani kwa kuwasumbua. Sisi tulikuja kulala usiku mmoja tu. Asubuhi yake tulimwambia bwana wa kamba kwamba tunaondoka. Akasema tusiguse kamba, tusubiri, anakwenda kunywa kahawa kidogo halafu atakuja kutufungulia. Tumesubiri. Mume wangu ameishiwa na rangi, na shati hili limechakaa kwa kufuliwa.

Akatutazama mmoja mmoja, kwa upole wa mtu aliyechoka kabisa.

— Nilikuwa nauliza, bwana huyo ameshamaliza kahawa yake?

Profesa akarudisha miwani usoni. Bi Birika akainamisha birika, likatoka tone moja. Kamanda alikuwa ameinamia kikombe chake, anakichungulia ndani, na kikombe kilikuwa kitupu siku nyingi.

Huko nje honi ikalia.

Nikavitoa vile viatu vidogo mfukoni, nikaviweka juu ya mapaja ya Kamanda. Akaviangalia. Akaangalia baharini. Akanirudishia viatu kwa mikono miwili, akakimbilia gatini.