Saynab Olow na Filimbi Iliyochelewa

Assalamu alaykum, ndugu, majirani, walimu na wanafunzi mliofika nyumbani kwetu kwa taazia hii, marehemu alituusia kwamba siku akisomewa habari zake asiitwe jasiri, kwa kuwa alikuwa mwoga na watu wake wote walilijua hilo, nasi tumeshika wasia wake.

Saynab Olow Jelle alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Balambala, mtoto wa pili wa mzee Olow Jelle na mama Fatumo, wafugaji waliokuwa pia na kishamba cha mahindi kando ya mto Tana. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alikwenda kuteka maji na binamu yake Idman, mamba akamdaka Idman mkono, na Saynab akasimama pale pale na mtungi wake, miguu imekufa, sauti imemkauka, mpaka kina mama wakaja na fimbo na mawe wakamwokoa binamu yake, ambaye yu hai na yupo nasi hapa leo. Tangu siku hiyo hakuwa akimwogopa mamba peke yake, alikuwa akiuogopa mwili wake mwenyewe, kwamba siku nyingine utaitwa na hautaitika.

Alisoma shule ya msingi Balambala, kisha sekondari mjini Garissa alikomaliza mwaka 1999, na huko ndiko alikoanza mbio fupi, akikimbia na hijabu yake na sketi ndefu, akarudia kuanza mbio mara nyingi kuliko alivyozimaliza, maana alichokitafuta kilikuwa ile nukta kati ya filimbi na mguu wa kwanza. Alihitimu ualimu mwaka 2003, akaajiriwa kufundisha sayansi na michezo katika shule ya wasichana hapa Garissa, na alifundisha hapo mpaka ugonjwa ulipomtoa. Wanafunzi wake wanakumbuka alivyoachia rula ianguke katikati ya vidole vyao, waidake kabla haijapita, na jinsi mwezi wa kwanza wa mazoezi ilivyowaponyoka na mwezi wa tatu ikanaswa, naye akiwaambia kwamba woga hautoki moyoni, ila miguu hufundishika ikaondoka bila kuungoja moyo.

Aliolewa na Liban Salah tarehe 6 Januari 2007, wakajaliwa watoto wawili, Abdilatif na Ruweyda.

Mwaka 2022, akicheza na Ruweyda mchezo ule wa rula, ilimpita vidoleni na kuanguka sakafuni, wakarudia, ikaanguka tena, mtoto akacheka, Saynab akaiokota na kuificha juu ya kabati. Hakumwambia mtu. Ila wiki iliyofuata aliwabadilishia wasichana mazoezi, wasingoje filimbi yake peke yake, yeyote atakayeona hatari apaze sauti na wote waruke nje ya barabara, na hakuwaeleza kwa nini.

Asubuhi ya tarehe 18 Februari 2023 walikuwa wakikimbia kando ya barabara ya Modogashe, lori lililokatika breki likawajia kwa nyuma. Saynab, aliyekuwa mbele amewageukia, aliliona kabla ya wote. Aliyepaza sauti ni Timiro, msichana wa mwisho katika mstari, akasema neno moja tu, "Toka", na wasichana wote wakawa mchangani kabla lori halijapita pale walipokuwa, mmoja tu akiwa ameteguka kifundo.

Alirudi nyumbani akakaa na viatu vyake bila kuvivua. "Filimbi haikufika mdomoni, Liban," akasema. Mumewe akamwambia alishikwa na hofu, kama mtu yeyote. "Hofu naijua, nimeishi nayo. Hii siyo hofu."

Daktari wa Nairobi aliwaeleza kwamba mishipa ya fahamu inayopeleka amri kwenye misuli ilikuwa ikifa mmoja baada ya mwingine, kwamba mazoezi hayakuuleta ugonjwa wala hayangeuzuia. Mkono ulikataa kumtii kwanza, kisha miguu, mwishowe ulimi, na kila kilipokwenda kimoja alikaa akikichungulia kinachofuata. Aliogopa kukabwa na mate, aliogopa mlango ukifungwa, akataka Ruweyda akae mahali anapoonekana. Siku moja mtoto alimwuliza mama yake, "Hooyo, unaogopa?" Saynab akafumba macho mara moja, ishara yake ya ndiyo, Ruweyda akapanda kitandani akalala ubavuni mwake, akasema, "Mimi pia."

Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2025 mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya magharibi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliompikia uji laini alipokuwa hawezi kutafuna, mama Roda aliyefika kila Ijumaa kumsomea Kurani, na walimu wenzake waliombeba kwa kiti mpaka uwanjani awaone wasichana wakikimbia. Wanafunzi wameuliza kama ni adabu kufanya mazoezi kesho asubuhi, naye Liban amewajibu waende, na kwamba Ruweyda ameomba kwenda nao.

Pumzika sasa, Saynab binti Olow, Mola akuondolee hofu yote na akupe utulivu wake.