Ng'ombe Niliyemfukua

Tumsifu Yesu Kristo! Asanteni kwa kuitikia, ingawa walio nyuma wameitikia kama watu wenye njaa. Padre amenipa nafasi hii baada ya misa, ila ameniambia nisiwachoshe, maana wingu limeshafunika mlima na wengi mmeanika kahawa. Nitajitahidi, ndugu zangu. Lakini jambo lenyewe nimelibeba tangu kiangazi kilichopita, na haifai mtu aliyeokolewa akae kimya kama aliyeiba.

Mimi ni Gaspari, Baba Donati, wa hapa hapa Uru. Wengi mnanijua kwa ubishi. Ni kweli, sikatai! Nilikuwa mtu wa kutaka kuona kwa macho. Ukiniambia kahawa imekauka, naenda kuitafuna. Ukiniambia mtoto amelala, nafunua blanketi. Neno la mtu mwingine kwangu lilikuwa upepo tu, nami niliuita huo kuwa ni werevu. Jirani zangu walichoka nami, mke wangu alichoka nami, na nadhani hata Mungu alikuwa amechoka kidogo.

Nilikuwa na ng'ombe wawili. Mmoja tulikuwa naye ndani ya nyumba, kama ilivyo desturi yetu huku juu, na mke wangu Apolonia alimkatia majani kule chini bondeni, akayapandisha kichwani asubuhi nzima. Wa pili tulimwita Nyange, kwa ajili ya baka jeupe lililokuwa usoni pake. Ng'ombe wawili ni mizigo miwili ya majani, na shingo ya mke wangu ilianza kukataa. Kwa hiyo Nyange nikamweka kwa rafiki yangu, fundi Ramadhani, seremala, Mpare na Mwislamu, anayekaa Rau karibu na msitu, mahali penye majani tele. Maziwa na samadi vilikuwa vyake, ndama walikuwa wangu. Tulikaa hivyo miaka minne bila neno baya.

Sasa, mila yetu mnaijua. Ng'ombe uliyemweka kwa mtu akifa, mtunzaji humchuna, akakupandishia ngozi na paja la nyama. Ngozi ndiyo shahidi. Asiyeleta ngozi, amemla ng'ombe wako au amemwuza. Babu zetu waliweka jambo hili ili watu waaminiane, wala sikusimama hapa kuwacheka.

Kiangazi kile, siku ya Ijumaa, Nyange alikufa ghafla. Asubuhi alikula vizuri, adhuhuri alianguka, akatokwa na damu nyeusi puani, damu isiyoganda. Fundi Ramadhani hakumgusa. Alikwenda kumwita bwana mifugo, naye alipofika akasema hiki ni kimeta. Akakataza asichunwe, asipasuliwe, asiliwe hata na mbwa. Alisema kimeta humtoka mnyama kikamwingia mtu, kwa nyama, kwa damu, hata kwa ngozi tu, na kwamba mtu akishaingiwa anaweza kufa kama ng'ombe mwenyewe. Nyange akazikwa bila kuchunwa, na ngozi yake yote, kwenye shimo refu, juu wakamwaga majivu na kurundika miiba.

Jumamosi fundi akapanda mpaka Uru kuniambia. Nilikuwa kwenye migomba yangu nikipogoa. Nilimwona anakuja, na kabla ya uso wake nilitazama mikono yake.

"Baba Donati, pole," akasema. "Nyange amekufa. Ni kimeta."

"Ngozi iko wapi?"

"Iko naye shimoni. Bwana mifugo ametuzuia kumchuna."

"Nami nitajuaje?"

Akaitazama mikono yake mitupu. Halafu akasema, "Mila yenu naijua, na inanitia haya kusimama mbele yako hivi. Lakini mimi kibudu sili, ndugu yangu, wewe wajua. Ningemfanyia nini?"

Moyoni nikasema: ungemchinja kwa kisu chako akiwa mzima, ukampeleka buchani Moshi. Sikulitamka, lakini uso wangu ulilitamka, kwa sababu alinitazama, akainamisha kichwa, akaaga, akashuka. Miaka minne ya urafiki ikashuka naye, nami nikaendelea kupogoa migomba.

Ndugu zangu, Jumapili yake mimi sikuwa misani. Nilichukua jembe, nikavaa koti langu la misa. Apolonia akasimama mlangoni.

"Baba Donati, misa na jembe?"

Nikamwambia nakwenda kusali mjini leo, na jembe napitisha kwa fundi wa huko alitie mpini. Jembe lilikuwa na mpini! Alikuwa anauona! Mke wangu yupo pale upande wa akina mama, anacheka sasa, lakini siku ile hakucheka. Alinipisha tu.

Nilifika Rau watu wa nyumba ile wakiwa hawapo, fundi mwenyewe yuko Njoro kwenye kazi ya paa. Shimo nililitambua kwa ile miiba iliyorundikwa. Niliing'oa kwa mikono, ikanichana kiganjani na kwenye kifundo cha mkono, sikujali. Nikalima. Harufu yake sitaieleza mbele ya Padre. Nililima mpaka nikafikia kichwa, nikapangusa udongo, nikaona baka jeupe. Nikapangusa sikio, nikaona alama yangu niliyomkata mwenyewe alipokuwa ndama. Nyange alikuwa pale, hajachunwa, na ngozi yake yote. Fundi alikuwa amesema kweli neno kwa neno.

Mngedhani nilipiga magoti nikatubu. Sikupiga. Nilikasirika! Nilisema, ngozi nzuri namna hii inaozea shimoni kwa amri ya bwana mifugo! Nikafukua na mgongo, nikatoa kisu, nikakata ukanda mrefu wa mgongoni, niutengeneze uwe kamba ya mke wangu ya kufungia majani. Nilijiona mume mwema kabisa. Nikafukia, nikarudisha miiba, nikapita mtoni nikanawa juu juu, nikapanda nyumbani. Nikamwambia Apolonia ukanda nimepewa na mchinjaji mmoja mjini, nikautundika juu ya meko ukauke.

Jumanne pale nilipochanwa na miiba pakaanza kuwasha, kama nimeumwa na mdudu. Jumatano pakatoa lengelenge. Kufika Alhamisi pakawa donda jeusi kama buni iliyoungua, na pembeni pamevimba. Na jambo la ajabu, halikuuma! Donda ambalo halikuuma ndilo lililotaka kuniua. Nilijisemea ni jipu. Apolonia alinipaka utomvu wa mgomba, mama mkwe akaniletea majani yake, nami nikawaachia wafanye watakavyo, nikijua moyoni ni nini. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilikuwa tayari kuumbuliwa na kifo kuliko kuumbuliwa na fundi Ramadhani. Mnaona ujinga ulipofika?

Jumamosi mkono wote ulikuwa umevimba mpaka kwapani, homa inanitetemesha, siwezi kukaa. Siku hiyo mlangoni nikasikia hodi ninayoijua. Habari za ugonjwa wangu zilikuwa zimefika sokoni, na fundi alikuwa amepanda na sukari na ndimu kuja kunitazama. Kumtazama nani? Mtu aliyemwita mwizi kwa macho! Nilitaka kugeukia ukutani.

Akaketi karibu nami, akautazama mkono wangu kwa muda mrefu.

"Donda hili linauma?"

"Haliumi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, ili mke wangu asisikie, "Baba Donati, umegusa mzoga?"

"Sijagusa."

Nilikuwa nakufa, ndugu zangu, na bado nabisha.

Wakati ule ule Apolonia alikuwa anatungua ule ukanda juu ya meko. "Umekauka vizuri," akasema, "Jumatatu nitaufungia majani." Akina mama mnajua mtu afanyavyo na kamba mpya: huishika ncha moja kwa meno, akaivuta kwa mikono, aione nguvu yake. Nikamwona anauinua ukanda kuupeleka kinywani. Mama wa watoto wangu sita! Mwanamke aliyevunjika shingo kwa ajili ya ng'ombe wangu!

Nilipiga ukelele ambao majirani waliusikia. "Usiutie mdomoni! Ni ngozi ya Nyange! Nimemfukua!"

Ukanda ukaanguka chini. Nilimtazama fundi, nikangoja anitukane, na nilitamani anitukane. Machozi yalinitoka, nikamwambia, "Nilikwenda kuhakikisha kama wewe ni mwizi. Nikakukuta ni mkweli, na bado nikaiba mimi."

Ndugu zangu, wengine huokoka kanisani, wengine safarini. Mimi kuokoka kwangu kulianza pale kitandani, siku niliyosema kweli kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa na shahidi. Kama ningeendelea kubisha kwa muda wa kunywa maji tu, leo tungekuwa na makaburi mawili mgombani.

Fundi Ramadhani akasimama. "Mama Donati, nawa mikono kwa sabuni, nawa tena, usiliguse tena hilo. Na wewe, twende hospitali." Ukanda aliuchukua kwa kijiti, akautia motoni mpaka ukaisha kabisa. Majirani waliokuja kwa ukelele wangu wakafunga blanketi kwenye miti miwili, wakanilaza, wanaume wanne, fundi akiwa mmoja wao, wakanishusha mpaka Moshi. Wenzake walipokezana na vijana njiani. Yeye hakupokezana na mtu. Bega lake lilikuwa upande wa kichwa changu njia nzima, na nilikuwa nasikia anavyohema.

Hospitalini alimwambia daktari wazi, "Huyu amemfukua ng'ombe wa kimeta." Neno hilo ndilo lililoniponya, kwa kuwa daktari hakupoteza muda kutafuta. Nilipigwa sindano mchana na usiku, siku nyingi, mpaka sikujua nilalie upande gani. Daktari alisema ningechelewa siku moja zaidi, asingekuwa na la kufanya.

Lakini sindano hazikuwa adhabu yangu. Adhabu yangu ilikuwa kungoja. Apolonia alikuwa ameushika ukanda ule kwa mikono yake. Kila alipokuja kunitazama nilimwomba anyooshe mikono, nikaikagua kidole kwa kidole, kiganja kwa kiganja. Sikujiombea mwenyewe tena. Nilisema, Bwana, mimi nichukue kama ni haki yako, mikono hii iache! Siku zikapita. Wala kipele! Wala muwasho! Bwana wetu ni mwema kupita tunavyostahili.

Hapa niseme jambo, kwa sababu kiangazi kimerudi na nimesikia kule chini ng'ombe wawili wameanguka. Mnyama akifa ghafla, na damu ikamtoka puani au nyuma, usimpasue. Usimchune ili kumridhisha mwenye mali. Usiseme nyama ikichemka sana haina neno. Mwite bwana mifugo, hata kama humpendi, hata mimi simpendi sana. Akina mama, juu ya mashimo yale yenye miiba msikate majani, hata yawe mazuri namna gani. Na ninyi wenye ng'ombe kwa watu, mtu akija kwenu bila ngozi kwa sababu ya kimeta, msimlazimishe kuchagua kati ya heshima yake na uhai wake. Hilo ndilo nililomfanyia rafiki yangu, na angekuwa mtu dhaifu angemchuna Nyange aniletee ngozi, akafa yeye na watoto wake kwa ajili ya ubishi wangu.

Nilipopata nguvu, nilikata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba changu, shamba langu la migomba, nikashuka Rau. Ninyi mnajua kwetu mtu akikuletea sale kuomba msamaha, huwezi kumkatalia. Yeye ni Mpare, hakulazimika. Alikuwa anapiga randa ubao. Nikasimama mbele yake, nikamnyooshea jani langu. Alilipokea kwa mikono miwili, akalichomeka juu ya mlango wake, akaniletea kigoda.

Mwezi uliofuata nikampelekea mtamba mwingine, mtoto wa yule wa nyumbani. Akamshika kamba, akampapasa mgongo, halafu akaniuliza bila kunitazama, "Baba Donati, na huyu naye akifa kwa kimeta, nikuletee nini?"

Nikamwambia, "Uje wewe."

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenitoa katika shimo nililolichimba kwa jembe langu mwenyewe. Namshukuru mke wangu aliyenisamehe misa ile. Na kama yupo hapa mtu anayengoja kuona ndipo aamini, iwe kwa Mungu au kwa jirani yake, namwomba aje tuzungumze. Nilishaona kila nilichotaka kuona, na haikunisaidia. Amini leo, ungali mzima. Amina.