Mwalimu Privatus Kahangwa na Neno la Daktari

Marehemu Mwalimu Privatus Kahangwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 Kimwani, Muleba, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Kahangwa na Mama Anatolia. Alisoma shule ya msingi huko huko nyumbani, akahitimu ualimu mwaka 1973.

Alifundisha Kiingereza shuleni huko Maruku hadi alipostaafu mwaka 2011. Mwanafunzi aliyemuuliza maana ya kivumishi alijibiwa, "Nipe sentensi kwanza." Walionung'unikia jibu hilo, baadhi yao wako hapa leo, nao ni walimu.

Tarehe 7 Julai 1979 alifunga ndoa na Vestina, aliyemtangulia mwaka 2017. Walijaliwa Avit na Joviana.

Mwaka 2023 Mwalimu alianza kuugua moyo. Joviana akamchukua kwake Nshambya, akamuuguza. Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, Mwalimu akiwa amelazwa hospitalini Bukoba mjini, daktari alipita wodini akasema mgonjwa yuko "stable". Joviana alilisikia neno hilo akadhani baba amepata nafuu. Akampigia kaka yake Dar es Salaam kwa furaha, na Avit, aliyekuwa ameshakata tiketi, akaahirisha safari.

Mwalimu alipoambiwa, alikunja uso.

"Stable si kupona, mwanangu. Maana yake sijabadilika. Hali ilikuwa mbaya, imebaki mbaya. Mwambie aje."

Joviana akapiga tena, simu ikiwa kwenye spika. Avit akacheka.

"Jovi, mzee hajaacha tu kufundisha! Kati yake na daktari, nani anajua zaidi?"

Mwalimu alisikia kila neno. Akageukia ukutani, na jina la Avit hakulitaja tena.

Alifariki Jumamosi tarehe 8 Februari alfajiri, Joviana akiwa amemshika mkono. Avit amefika jana jioni. Wapo ndugu waliotaka habari hii iondolewe kwenye wasifu. Joviana alikataa. "Tata alitaka aeleweke," alisema, akimwita baba yake kwa Kihaya. "Basi leo aeleweke."

Anazikwa hapa Kimwani, kwenye kibanja cha baba yake, katikati ya migomba, kando ya Vestina. Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na mdogo wake, Datius, anayewasomea wasifu huu. Watoto wake hao wawili, hadi asubuhi hii, hawajapeana mkono.

Bwana ampokee Mwalimu wetu, ampumzishe kwa amani.