Hatuwashi Gari Kabla ya Kuitana Majina

Wasifu wa marehemu Ardith Mae Wessling (1946–2024)
Umesomwa kaburini na binti yake, Corrine

Leo Alhamisi, tarehe 19 Desemba 2024, tumemleta mama yetu hapa makaburini Hastings, Nebraska, na familia imeniomba nisome habari za maisha yake. Nasoma kwa hofu. Mama mwenyewe alikuwa mwoga na alikiri hivyo bila haya, kwa hiyo hatachukia nikisema kwamba na sisi tunaogopa. Tunaogopa kwamba muda si mrefu tutawasha magari na kumwacha hapa kwenye theluji, na kuachwa nyuma ndilo jambo alilolihofia kuliko yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 katika shamba la wazazi wake, Herman na Lydia Tiedtke, nje kidogo ya mji wa Hebron, akiwa mtoto wa tatu. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 21 Aprili mwaka huohuo. Alipokuwa na miaka saba upepo uling'oa paa la ghala lao na kulitupa katika mahindi ya jirani, na tangu hapo, upepo ukianza kuvuma, Mama alihamisha kiti chake karibu na mlango.

Alianza masomo katika shule ya shambani yenye chumba kimoja, kisha akaendelea na sekondari mjini Hebron hadi alipohitimu Mei 1964. Alikuwa na mwandiko mzuri, lakini michezo ilimshinda. Alituambia kwamba mpira ukirushwa upande wake alifumba macho na kumwachia Mungu.

Mwaka 1966 aliajiriwa kuwa karani katika shule moja ya msingi hapa Hastings, na hapo alibaki hadi alipostaafu mwaka 2008. Mtoto asipoonekana asubuhi, Mama alipiga simu nyumbani kwao kabla mwalimu hajamaliza kufuta ubao. Watoto walimpa jina la Bi Uko Wapi. Baadhi ya waliotafutwa kwa simu zile wako hapa leo, wamekuwa watu wazima wenye mvi.

Tarehe 17 Juni 1967 alifunga ndoa na baba yetu, Delwyn Wessling, fundi wa nyaya za umeme, katika kanisa letu la Kilutheri. Baba alimchumbia akiwa juu ya nguzo ya umeme, kwa kelele, mbele ya mafundi wenzake.

"Shuka kwanza ndipo uniulize," Mama alimjibu. "Sitaki kuwa mjane kabla ya harusi."

Baba alishuka. Mungu akawajalia watoto wawili, mimi mwaka 1970 na ndugu yangu Galen mwaka 1973.

Watu wengi wameniuliza wiki hii ilikuwaje mwanamke mwoga kiasi kile akaishi miaka kumi na tatu ndani ya nyumba ya magurudumu, gari refu lenye jiko na vitanda. Jibu ni wajukuu. Galen alikuwa amehamia Arizona na wanawe pacha, Tate na Colter. Binti yangu Brynn alikuwa hapa Nebraska. Krismasi ilikuwa inawagawa. Mama aliona kwamba kama wajukuu hawawezi kufika kwake wote, nyumba yake itawafuata wao. Basi mwaka 2009 wakauza nyumba ya Mtaa wa Tisa wakanunua ile nyumba ya magurudumu ambayo wajukuu waliibatiza jina la Kobe.

Aliogopa kila kitu ndani ya Kobe. Aliogopa gesi, miteremko, madaraja, na zaidi ya yote upepo, maana Kobe alikuwa mrefu na upepo ulimyumbisha. Kila safari ilianza na mahojiano.

"Gesi umefunga?"

"Nimefunga."

"Ngazi umekunja?"

"Nimekunja, Ardi."

"Umeangalia au unasema tu?"

"Mke wangu, kwa mwendo huu Krismasi itatukuta hapahapa."

"Na itukute. Mimi sitaki itukute bondeni."

Kila Desemba waliegesha jangwani karibu na Quartzsite, pamoja na wastaafu wengine wa nyumba kama ile, na sisi wanawe tukawafuata kwa ndege au kwa gari. Mama alipika maharage ya nyama yenye pilipili na kuyaandaa pamoja na mikate ya mdalasini, kama tulivyozoea Nebraska. Wana pacha wa Galen, waliokulia Arizona, walikuwa wakinong'onezana kwamba Bibi amechanganya chakula cha mchana na cha asubuhi, kisha wakaongeza sahani. Baba alizungushia taa mti mkubwa wa mpungate uliokuwa nyuma ya Kobe, na kila mwaka alichomwa miiba, na kila mwaka Mama alikuwa na kibano tayari mfukoni. Mkesha wa Krismasi tuliimba tukizunguka kambi, mlango kwa mlango, na aliyetufungulia alitoka na kiti chake akajiunga.

Zawadi zilikuwa shida kuzificha, kwa kuwa ndani ya Kobe hakukuwa na kabati la kutosha hata koti la pili. Mama alizilaza kwenye kitanda kidogo cha nyuma, kile cha wajukuu, akazifunika blanketi. Hapo ndipo ilipotokea siku ambayo familia yetu haijaisahau.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 22 Desemba 2011. Baba na Mama walikuwa wamemchukua Brynn, mwenye miaka mitano, wakielekea naye Arizona. Mimi na mume wangu tungewafuata kwa ndege. Alasiri, wakiwa wameshavuka mlima wa Raton na kuingia New Mexico, walisimama kwenye kituo cha kupumzikia kando ya barabara kuu. Theluji ilikuwa inaanza kupeperushwa na upepo. Mama alimpeleka Brynn chooni, akamrudisha ndani ya Kobe, kisha akatoka kumsaidia Baba kufunga mlango wa mizigo uliokuwa unapigapiga. Wakati wako upande wa pili, Brynn alishuka tena kwenda kufuata glavu aliyoisahau kwenye sinki.

Mama aliingia, akatazama nyuma. Kitandani chini ya blanketi palikuwa na mwinuko kama wa mtoto aliyejikunja.

"Amelala," alimwambia Baba. "Tuko wote. Twende, upepo unazidi."

Walikwenda. Mbele kwenye nyika Baba aliona kundi la swala karibu na uzio. Akaita, "Brynn, amka uone swala." Hakujibiwa. Mama akaenda kumwamsha, akavuta blanketi, akakuta maboksi yenye riboni.

Baba anasema hajawahi kusikia sauti kama ile aliyoitoa Mama, wala hataki kuisikia tena. Hapakuwa na mahali pa kugeuza gari refu kama lile hadi njia ya kutokea barabara kuu, na njia ile ilikuwa mbali. Theluji sasa ilikuwa imeifuta mistari ya barabara. Mama, ambaye kila siku alimwomba Baba apunguze mwendo, alisimama nyuma ya kiti chake ameshika mabega yake akisema, "Kimbiza, Del. Kimbiza." Aliomba kwa sauti. Hakuomba maombi ya kanisani. Alimwambia Mungu, "Nichukue mimi, usimguse huyo." Alikuwa akiwaza magari makubwa yanayoingia na kutoka pale kituoni, wageni wasiojulikana, na mtoto asiye na koti.

Walimkuta mlangoni mwa jengo la choo. Mwanamke mmoja dereva wa lori alikuwa amemfunika koti lake na kusimama naye akimkinga upepo. Alikuwa amemwambia waingie ndani kwenye joto, Brynn akakataa kutoka pale mlangoni. Glavu yake ilikuwa mkononi. Mama alianguka magotini kwenye theluji akamkumbatia, na Brynn akamuuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Bibi, mbona hukuniita?"

Mama alikuwa ameita majina ya watoto wa watu miaka arobaini na miwili. Sidhani kama aliwahi tena kulala bila kulikumbuka swali lile. Akalitungia sheria. Kuanzia hapo hakuna aliyegusa ufunguo wa Kobe kabla majina hayajaitwa, na kila mtu alitakiwa kuitika kwa kinywa chake. Kuonekana hakukutosha.

"Delwyn?"

"Si unaniona? Nimeshika usukani."

"Sijauliza kama nakuona. Delwyn?"

"Nipo."

Jina la mwisho lilikuwa lake, na aliyeliita ni Baba. "Ardith?" Naye akajibu, "Nipo. Haya, twende." Bila maneno hayo injini haikuwashwa, hata walipokuwa wao wawili tu jangwani. Wajukuu walipokuwa vijana walimtania, wakaitika kwa sauti za mbuzi na za wanajeshi. Mama alirudia jina mpaka alipopata "nipo" ya kweli. Ikawa ndiyo mila yetu ya Krismasi kuliko hata maharage.

Februari 2020 madaktari walitueleza kwamba Mama amepata ugonjwa wa kusahau. Kobe alisafiri mara ya mwisho Machi 2022, akaegeshwa uani kwangu. Agosti 2023 hatukuweza tena kumtunza nyumbani, akahamia katika nyumba ya kutunzia wagonjwa hapa mjini. Kwanza alisahau mikate, kisha jina la Galen, kisha langu. Hofu haikusahaulika. Kila jioni alivaa koti, akachukua pochi yake, akasimama mlangoni.

"Wameondoka?" aliwauliza wauguzi. "Mbona hawakuniita?"

Hakuna maneno yaliyotutisha kama hayo. Baba alikuwa akienda kila jioni kwa ajili ya swali hilo moja. "Hawajaondoka, Ardi," alimwambia. "Mimi ndiye dereva, na niko hapa." Ndipo akakubali kuvuliwa koti.

Mwanzoni mwa Desemba alishikwa na homa ya mapafu, na baada ya siku chache akaacha kusema. Jumamosi asubuhi, tarehe 14, tukiwa tumezunguka kitanda chake, Baba alianza kuita majina. Sisi wote tuliitika. Mwisho akasema, "Ardith?" Tulingoja. Midomo yake ilisogea, na wote tuliokuwa pale tulisikia: "Nipo." Tukangoja lile neno la pili, "Haya, twende." Halikuja. Bwana alimchukua alasiri ya siku hiyo, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Baba.

Jumapili Baba alituambia hawezi kuja kumzika. "Nitawezaje kuondoka pale?" alisema. "Atadhani tumemwacha."

Brynn, ambaye sasa ana miaka kumi na minane, akamwambia, "Babu, mimi niliachwa. Niliogopa mpaka nikajikojolea. Lakini sikuondoka mlangoni, kwa sababu nilijua Bibi atarudi kwenye mlango uleule."

Leo Baba amekuja. Bado anaogopa, na mimi pia, na sitasimama hapa mbele ya mchungaji niseme kwamba imani imeiondoa hofu yote. Ninachoamini ni kwamba Mwokozi wetu anajua mlango huu ulipo, na atakaporudi hatatazama blanketi. Ataita jina.

Marehemu ameacha mume wake wa miaka hamsini na saba, Delwyn. Watoto, Corrine na Galen. Wakwe, Russ na Marisol. Wajukuu, Brynn, Tate na Colter. Na dada yake mdogo, Elva. Haya ndiyo majina ambayo Baba atayaita baada ya baraka. Tunawaomba majirani na marafiki, kwa heshima ya Mama, msiwashe magari bado, hata kama ni baridi. Tutaitika mmoja mmoja. Baba ataita jina la mwisho, nasi tutanyamaza, kwa kuwa Mama alishaliitikia. Kisha Brynn atasema kwa niaba yake lile neno lililobaki, ndipo tutaondoka.

Mama, hukusahaulika. Umeitwa, na umeitika. Pumzika kwa amani mlangoni hapo, mpaka utakapofuatwa.